Texas au Minnesota? Jimbo jekundu, jimbo la bluu na mshahara wa kawaida

Swali la msomaji: "Tuko Minneapolis tangu 2023, tulikuja kwa kadi za kijani za bahati nasibu. Mimi ni msaidizi wa wauguzi, mume wangu anafanya kazi ghalani. Kwa pamoja tunaingiza kama dola 70,000 kwa mwaka kabla ya makato. Watoto wetu wawili, wa miaka 6 na 9, wanatibiwa kwa bima ya jimbo. Shemeji zangu wa Dallas hawachoki kutuambia tuhamie Texas kwa kuwa huko hakuna kodi ya mapato. Nikiingia mtandaoni, huyu anaonyesha ramani kwamba majimbo ya Republican ndiyo yenye umaskini na vifo, yule anaonyesha watu wakiihama California kwa makundi. Nani mkweli, na sisi tufanyeje?"

Wote wawili wanasema kweli, dada, na hakuna kati yao aliyekujibu. Ramani za mtandaoni hueleza hali ya watu ambao tayari wako jimboni: wazee wao, elimu yao, kazi walizorithi, sigara walizovuta. Wewe unauliza yatakayokufika ukihamia. Ukihamia Massachusetts hugawiwi umri wa wenyeji wake, wala ukihamia Mississippi huambukizwi umaskini. Kinachokudaka siku ya kwanza ni sheria za jimbo: nani anapewa bima, kodi inakatwa wapi, mshahara wa chini ni kiasi gani, nyumba zinajengwa au zinazuiwa. Nianze na ramani ili tuiondoe njiani, halafu tushike hesabu yenu.

Takwimu za upande wa bluu, yaani majimbo ya Democratic, ni nzito. Mwaka 2021 mtoto aliyezaliwa Hawaii alitarajiwa kuishi miaka 79.9, wa Mississippi miaka 70.9. Mwaka huohuo waliokufa kwa risasi Mississippi walikuwa karibu 34 katika kila watu 100,000; Massachusetts walikuwa kati ya 3 na 4. Kipato cha kati cha kaya mwaka 2023 kilikaribia dola 100,000 Massachusetts, kama 85,000 Minnesota, kama 76,000 Texas na kama 54,000 Mississippi. Na kaunti zilizompa Joe Biden wa Democratic kura nyingi za urais mwaka 2020 ndizo zinazozalisha karibu asilimia 70 ya pato la nchi nzima.

Upande mwekundu, wa Republican, nao una zake. Sensa ya 2020 iliipa Texas viti viwili zaidi katika Bunge la Wawakilishi, ambavyo hugawiwa kwa idadi ya watu, na California ikapoteza kimoja kwa mara ya kwanza tangu iwe jimbo. Hesabu ya watu wasio na makazi iliyofanywa Januari 2024 ilikuta kama watu 187,000 California na kama 28,000 Texas, ilhali California haifiki hata mara moja na nusu ya Texas kwa idadi ya watu. Tena kuna kipimo cha nyongeza cha umaskini cha Ofisi ya Sensa, kile kinachotia ndani pango, kodi na misaada. Kwa kipimo hicho California inapanda mpaka kundi la majimbo yenye umaskini mkubwa kabisa, wakati kwa kipimo cha kawaida iko katikati tu.

Tatizo la kuhesabu kwa rangi ni kwamba rangi haikai mahali pamoja na sheria. Mississippi ilikuwa mwisho wa foleni tangu enzi ambazo Democratic ndio walioitawala, wakati chama hicho ndicho kilichokuwa cha wahafidhina wa Kusini. Massachusetts ilipata sheria yake ya bima kwa karibu kila mtu mwaka 2006, na aliyeitia saini ni Mitt Romney, gavana wa Republican. Utah ni nyekundu ya kukolea, lakini watu wake huishi miaka mingi kuliko majimbo mengi na kipato cha kati kimepita dola 90,000. Sababu mojawapo ni kanisa la Wamormoni, ambalo waumini wake hawavuti sigara wala hawanywi pombe. Jimbo la Washington ni la bluu na halitozi kodi ya mapato kwenye mshahara wa kawaida. Wapiga kura wa Florida mwaka 2020 ndio waliopitisha wenyewe mshahara wa chini upande hadi dola 15 ifikapo 2026. Hata Mississippi, ambayo kila mtu huitumia kama mfano wa kushindwa, ilipitisha sheria ya kusoma kwa watoto wa darasa la tatu mwaka 2013, ikafundisha upya walimu wake, na darasa la nne likatoka nafasi ya 49 hadi ya 9 katika mtihani wa taifa wa kusoma mwaka 2024. Majimbo ya bluu yenye pesa mara mbili yake hayajafanya hivyo.

Texas yenyewe uchumi wake unaendeshwa na Houston, Dallas, Austin na San Antonio, miji inayowapa Democratic kura nyingi, chini ya bunge la jimbo na gavana wa Republican. Kuuliza utajiri huo ni wa chama gani ni kama kuuliza ndani ya kikombe cha chai maziwa ni yapi na maji ni yapi.

Ila nisikupotoshe upande wa pili pia: sera zina matokeo, na mengine huonekana haraka. Kansas mwaka 2012, chini ya gavana Sam Brownback, ilishusha kodi ya mapato na kuifuta kabisa kwa faida za biashara nyingi ndogo, kwa ahadi kwamba uchumi ungepaa. Haukupaa. Mapato ya jimbo yaliporomoka, shule zikabanwa, na mwaka 2017 bunge lililojaa Republican likazirudisha kodi hizo kwa kupindua kura ya turufu ya gavana wa chama chake. Upande wa bluu, California imefanya kosa lake kubwa kwenye ujenzi: kwa miongo mingi kila mtaa ulipewa nguvu ya kuzuia nyumba mpya, na sasa mshahara mkubwa unaliwa wote na pango.

Bima, hapa ndipo penye tofauti kubwa

Sheria ya afya ya 2010 ilitaka majimbo yote yapanue Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, hadi kwa watu wazima wenye kipato kisichozidi asilimia 138 ya mstari wa umaskini. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya nchi ikasema jimbo lisilazimishwe. Majimbo 40 yamepanua, mengine mekundu kabisa: Idaho, Utah, Nebraska, Oklahoma, Missouri na South Dakota yalipanua kwa kura za wananchi baada ya wanasiasa kukataa. Kumi hayajapanua, na Texas ni mojawapo. Hiyo ni sababu mojawapo kubwa ya Texas kuongoza nchi kwa wasio na bima, mtu mmoja kati ya sita hivi, wakati Minnesota ni kama mmoja kati ya 25.

Tafsiri yake kwa familia ya watu wanne kwa viwango vya 2025, ambapo mstari wa umaskini ni dola 32,150: Minnesota, mtu mzima anaingia Medicaid kipato kikiwa mpaka dola 44,000 hivi. Akipita hapo kuna bima ya jimbo iitwayo MinnesotaCare hadi dola 64,300, kwa malipo madogo ya mwezi, nayo imekuwa ikiwapokea wenye kadi ya kijani ambao hawajatimiza miaka 5 inayotakiwa na Medicaid ya serikali kuu. Texas, mzazi anaingia Medicaid kipato cha familia kikishuka hadi dola 300 hivi kwa mwezi. Kwa mwezi, dada, si kwa wiki. Mtu mzima asiye na mtoto, asiye mjamzito na asiye na ulemavu haingii hata akiwa hana senti.

Nyinyi wazazi mna kipato cha kupita ngazi hizo, kwa hiyo mnategemea bima ya kazini popote mtakapokuwa. Angalieni watoto. Minnesota inawapa watoto bima ya jimbo mpaka kipato cha familia kifike kama dola 88,000. Kwa dola 70,000 zenu mko ndani. Texas, bima ya watoto inayoitwa CHIP inakoma kwenye dola 65,000 hivi. Mkipata Dallas mshahara uleule mnaopata sasa, watoto wote wawili wanatoka kwenye bima siku mnapohama, na mtalazimika kuwatia kwenye bima ya mwajiri au kuwanunulia nyingine. Kwa wastani wa nchi, mfanyakazi anayechukua bima ya familia nzima kazini hukatwa zaidi ya dola 6,000 kwa mwaka, na baada ya hapo bado kuna kiasi cha kutoa mfukoni kabla bima haijaanza kulipa. Shemeji zako wanapotaja kodi ya mapato, jambo hili hawalitaji, pengine kwa sababu mwajiri wao analipa sehemu kubwa. Waulizeni.

Mkipata kipato pungufu, tuseme dola 60,000, watoto wataingia CHIP: ada ya kujiunga haizidi dola 50 kwa mwaka kwa familia, na mnachangia kidogo kila mnapomwona daktari. Si bima mbaya. Balaa la Texas liko kwa wazazi, hasa mmoja akipoteza kazi.

Wasomaji waliokuja kwa ukimbizi kutoka Kongo na Burundi wasikie na hili, maana linawahusu katika kila jimbo: sheria ya serikali kuu ya Julai 2025 inawaondoa wakimbizi kwenye Medicaid kuanzia Oktoba 2026 mpaka wapate kadi ya kijani. Aliyetimiza mwaka mmoja nchini asikawie kuiomba. Na majimbo ya bluu nayo hurudi nyuma: Minnesota iliwafungulia MinnesotaCare watu wasio na karatasi Januari 2025, na mwaka mmoja baadaye ikawafungia watu wazima, ikabakiza watoto.

Ile kodi ya mapato

Sasa tuifungue hii, kwa sababu ndiyo inayohamisha watu wengi bila kupiga hesabu. Minnesota ina ngazi nne za kodi, kuanzia asilimia 5.35 hadi 9.85. Watu husikia 9.85 wakashtuka. Kwa 2025, wanandoa wanaojaza pamoja huondoa kwanza dola 29,900, kisha dola 5,200 kwa kila mtoto. Kwenye dola 70,000 zenu inabaki 29,700 ya kutozwa, yote kwenye ngazi ya chini ya 5.35. Jibu ni kama dola 1,590. Ndiyo hiyo, dola 132 kwa mwezi, basi. Ongeza dola 308 za mfuko wa likizo ya malipo ulioanza Januari 2026, kama mwajiri amekukateni nusu yenu yote ya asilimia 0.44, kwa hizo mnapata haki ya likizo ya kujifungua au kuugua kwa wiki 12, ambayo Texas haipo.

Kipato kikishuka, hesabu inageuka kabisa. Familia kama yenu yenye dola 52,000 ingetozwa kama dola 630, lakini Minnesota tangu 2023 ina nafuu ya kodi ya watoto ya dola 1,750 kwa kila mtoto, inayorudishwa taslimu na kupungua taratibu kadiri kipato kinavyopanda. Familia hiyo hailipi kitu. Jimbo ndilo linaloirudishia dola elfu moja na ushee. Kwao "hakuna kodi ya mapato" maana yake ni kupoteza fedha. Nyinyi kwa dola 70,000 mmeshapita pale nafuu hiyo inapokwisha.

Sasa panda juu. Wanandoa wenye dola 200,000, muuguzi kamili na mhandisi tuseme, Minnesota huwatoza kama dola 10,000. Kwao Texas ni akiba ya kweli. Hii ndiyo siri ya mjadala mzima: majimbo yasiyo na kodi ya mapato hukusanya kwa njia ya mauzo na majengo, na njia hizo humbana zaidi mwenye kidogo. Taasisi ya ITEP inayochambua kodi, ambayo nikiri ina mwelekeo wa kiliberali ila hesabu zake zinatumiwa na wengi, ilikadiria mwaka 2024 kwamba Texas humtoza maskini wa chini kabisa karibu asilimia 13 ya kipato chake, na tajiri wa juu kabisa chini ya asilimia 5. Minnesota ni kinyume chake. Florida na Washington, moja nyekundu na moja ya bluu, ndizo ziliongoza kwa kumkamua mdogo kuliko tajiri.

Kodi ya mauzo isiwatishe wala kuwavutia: Dallas ni asilimia 8.25, Minneapolis ni 9.025. Chakula cha kupika nyumbani hakitozwi kote kuwili, na nguo hazitozwi Minnesota.

Kodi ya majengo ndiyo mtego. Chukua nyumba ya dola 300,000. Minnesota kadiria dola 3,300 hadi 3,600 kwa mwaka. Texas viwango vya shule, jiji, kaunti, hospitali na chuo vikijumlishwa hufika asilimia 2 mara nyingi. Msamaha wa nyumba ya kuishi, yaani sehemu ya thamani isiyotozwa kodi ya shule, umepandishwa hadi dola 140,000 mwaka 2025, kwa hiyo bili inatua kama dola 4,700. Ile dola 1,590 mliyookoa, sehemu kubwa imeshaondoka. Bima ya nyumba Texas ni miongoni mwa ghali zaidi nchini kwa sababu ya mvua ya mawe na vimbunga.

Wapangaji wasidhani wamepona: mwenye nyumba huitia kodi hiyo ndani ya pango. Minnesota humrudishia mpangaji sehemu yake, na tangu hesabu za 2024 unaiomba kwenye fomu ileile ya kodi. Mwenye nyumba anatakiwa kukupa cheti cha pango lililolipwa kabla ya Januari kwisha. Wengi hawakiombi, wanaacha mamia ya dola.

Mshahara, na kuumia kazini

Texas inatumia mshahara wa chini wa taifa, dola 7.25 kwa saa, ambao haujaguswa tangu Julai 2009. Minnesota ilikuwa dola 11.13 mwaka 2025. Kwa kweli hakuna anayewalipa wasaidizi wa wauguzi 7.25 mjini Dallas, soko limeshapita hapo, lakini pengo lipo: kwa kazi yako kadiria dola 3 au zaidi kwa saa chini ya Minneapolis. Kwa saa 2,080 za mwaka hiyo ni dola 6,240. Linganisha na kodi ya dola 1,590. Ukitaka namba ya mji wenyewe, Idara ya Kazi huchapisha kila mwaka mshahara wa kila kazi kwa kila eneo la mji. Tazama mstari wa katikati, usitazame wastani, maana wastani hupandishwa na wachache.

Mume wako aulize jambo moja kila anapoomba kazi ya ghala Texas: je, mwajiri ana bima ya wafanyakazi wanaoumia kazini? Texas mwajiri binafsi ana hiari ya kutokuwa nayo, jambo ambalo karibu majimbo mengine yote hayaruhusu. Mgongo ukikatika kwa mwajiri asiye nayo, mshahara na matibabu vinategemea mpango alioutunga mwenyewe, au kesi mahakamani. Wewe pia unainua wagonjwa, swali hilo ni lako vilevile. Na siku za kuugua zenye malipo, ambazo Minnesota tangu 2024 ni saa 1 kwa kila saa 30 za kazi hadi saa 48 kwa mwaka, Texas ni hisani ya mwajiri. Miji ilipojaribu kuzitungia sheria ndogo ilizuiwa.

Nani basi Texas inamfaa? Dereva wa malori ya masafa, kwanza. Sheria ya taifa inasema dereva anayevuka majimbo hutozwa kodi ya mapato na jimbo analoishi tu. Akiishi Texas hatozwi na jimbo lolote, na mshahara wake kwa maili ni uleule wa kampuni. Muuguzi kamili naye ananufaika: Texas imo katika mkataba wa leseni za uuguzi unaomruhusu kufanya kazi katika majimbo mengi kwa leseni moja, Minnesota haimo. Mwenye biashara yake, mwenye kipato kikubwa, na anayetoka California, ambako nyumba ya kawaida imepita dola 800,000. Huyu wa mwisho anapata nafuu kubwa kwa sababu Texas inajenga: Houston haina hata sheria ya kugawa maeneo, na Austin pango lilishuka kuanzia 2023 baada ya vyumba vingi kumalizika kwa pamoja. Lakini nyinyi hamtoki California. Minneapolis nayo ilifuta sheria ya nyumba moja kwa kiwanja, uamuzi wa 2018 ulioanza kazi 2020, na bei ya nyumba ya kati Minnesota haiko mbali na ya Texas. Wanaosema Texas ni nafuu wanalinganisha na pwani.

Kwa mshahara wenu wa leo, kazi zenu za leo na watoto wa umri huo, hesabu yangu inaegemea kubaki Minnesota, isipokuwa mmoja wenu apate barua ya kazi Dallas yenye mshahara usiopungua huu wa sasa na bima ya familia ambayo mwajiri analipa sehemu kubwa. Baridi siwezi kuwahesabia. Wala ukaribu wa ndugu: kuwa na shemeji wa kubaki na watoto unapofanya zamu ya usiku kunaokoa fedha nyingi, na hakuna ramani inayouonyesha. Uandikeni nao kwenye hesabu, kwa dola.

Mkiamua kuhama

Barua ya kazi ije kwanza, si ahadi ya simu. Wewe omba jina lako lihamishiwe kwenye daftari la wasaidizi wa wauguzi la Texas kabla ya kufunga mizigo; lazima liwe hai Minnesota siku unapoomba. Bima ya watoto haihami: siku mnapohama inakufa. Mkiwa Texas mna siku 60 za kuwaingiza kwenye soko la bima la taifa hata kama si msimu, mradi walikuwa na bima muda mfupi kabla ya kuhama, kwa hiyo msiifute mapema. Bima ya kazini, kwa anayeanza kazi mpya, huwa na dirisha fupi zaidi, mara nyingi siku 30. Wengi hukosa hapo, kisha wakasubiri mpaka msimu ujao.

Kuweni waangalifu na nyumba mpya. Mwaka wa kwanza kodi ya nyumba iliyojengwa karibuni mara nyingi hukokotolewa kwa kiwanja kitupu, kwa kuwa Januari 1 nyumba haikuwepo. Benki inaweka malipo ya mwezi kwa bili hiyo ndogo. Mwaka wa pili bili kamili inafika, benki inadai pengo la mwaka uliopita pamoja na nyongeza ya mbele, na malipo ya mwezi yanaruka kwa mamia ya dola. Kabla ya kusaini, chukua jumla ya viwango vyote vya eneo lile, zidisha kwa bei ya nyumba nzima, gawa kwa 12. Ulizeni pia kama mtaa uko ndani ya wilaya ya maji inayolipa deni la mabomba: hizo huweza kuifikisha jumla asilimia 3. Msamaha wa nyumba ya kuishi hauji wenyewe, unaombwa kwenye ofisi ya uthamini ya kaunti kabla ya Aprili 30, bure. Barua zinazotaka mlipe ili mwombewe ni za walaghai au wachuuzi wa fomu. Na kikomo cha kupanda asilimia 10 kwa mwaka kwenye thamani inayotozwa kinaanza mwaka unaofuata msamaha.

Umeme Dallas mnachagua muuzaji wenyewe. Epukeni mpango unaotangaza bei ndogo kwa kilowati-saa 1,000 kamili: mkitumia 980 punguzo halipo, na bili inapanda ghafla. Bei inayobadilika na soko msiiguse. Februari 2021, gridi ilipozidiwa na baridi na zaidi ya watu 240 wakafariki, waliokuwa na mipango iliyofuata bei ya jumla ya soko walipelekewa bili za maelfu ya dola. Minnesota, kinyume chake, ina kanuni inayomlinda aliyekwama kulipa asikatiwe joto kati ya Oktoba 1 na Aprili 30, mradi apange malipo na kampuni.

Gari mnalisajili Texas ndani ya siku 30, kwa kodi ya mgeni ya dola 90 pamoja na ada za usajili. Leseni ya udereva ndani ya siku 90. Ukaguzi wa usalama ulifutwa 2025 kwa magari ya kawaida, ila Dallas na kaunti jirani bado wanapima moshi. Mwaka mtakaohama mtaijazia Minnesota fomu ya mkazi wa sehemu ya mwaka. Tunzeni mkataba wa pango na hati ya mwisho ya mshahara yenye tarehe, kwa sababu ndizo zitakazoonyesha mapato yapi ni ya kabla na yapi ni ya baada ya kuhama.